Magunia ya Tangi

Tangi letu la Ruangwa lilikuwa la plastiki nyeupe inayopitisha mwanga. Mume wangu alilichukua hivyo kwa sababu jeusi halikupatikana, na mwenye duka alimwonya kabisa: jua likipenya, maji yataota utando wa kijani. Basi akashona magunia ya korosho, akalivika tangi toka shingoni hadi chini. Miaka miwili tukanywa maji safi.

Mimi ndiye niliyelivua. Msimu ule magunia yaliadimika, watu wana korosho zimekauka kwenye mikeka na hawana pa kuzitia. Mume wangu alikuwa shambani Nanganga, analala hukohuko. Mimi nilikuwa na mikorosho yangu michache aliyoniachia baba, na chama cha ushirika kilikuwa kinapokea korosho kesho yake. Nikalitazama lile tangi. Siku mbili tatu, nikajisemea, jua litafanya nini? Nikafumua uzi, nikakung'uta vumbi, nikajaza korosho zangu. Siku mbili zikawa wiki tatu, maana mimi jambo likishanifaa huwa nalisahau.

Nilipopata magunia mengine nikalivika tena harakaharaka kabla mwenyewe hajarudi. Ndani, zaidi ya kutumbukiza kopo, sikuchungulia.

Yeye alichungulia. Alirudi na vumbi lake, akafunua mfuniko achote ya kuoga, akakuta maji ya kijani na kuta zinateleza. "Nani anaacha tangi wazi?" aliuliza.

Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na mama yake, aliyehamia kwetu kutoka Mbwemkuru baada ya kufiwa na mumewe. Mama mkwe alikuwa mpole, Kimwera tele, Kiswahili cha kuombea chumvi. Maji aliyazoea ya kisima. Hata kwenye tangi alichota kwa kata yake ya kifuu aliyokuja nayo. Kopo ukimpa, analirudisha jikoni.

Nikasema, "Labda ile kata ya mama. Na mfuniko wenyewe mzito kwake."

Nilisema hivyo, mimi mtu mzima. Mume wangu akamwita mama yake, tena kwa heshima, akamwambia, "Mama, ukichota wewe maji yanaharibika, tangi hili liache. Maji atakuchotea mkweo." Mama alikuwa ameniona siku ile nikifumua magunia, lakini nani alikuwa amemweleza magunia ni ya nini? Aliitazama mikono yake, akaitikia, akaingia ndani.

Tangu hapo akitaka kutia udhu aliniomba maji kama mgeni. Nami nilimpelekea, nimeinama kabisa, mkwe mwema wa kupigiwa mfano. Mwezi haukwisha akasema anarudi kwao. Mume wangu alimsihi. Mimi pia nilimsihi, na wakati namsihi nilikuwa na neno moja tu la kumbakiza, nikalimeza.

Tangi nililisugua kwa mchanga na dodoki mpaka viganja vikachubuka. Likajazwa upya, magunia yakiwa mahali pake, na bila shaka maji yakatulia safi. Jioni moja mume wangu akainua bilauri. "Umeona?" akasema. "Tangu mama aondoke, hayajaota kitu." Nikajibu, "Nimeona." Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu naitembea mwaka wa ngapi huu, na mwisho siuoni.

Kiangazi kilichofuata tulikwenda Mbwemkuru kumsalimia. Tukamwamkia, akafurahi, akatutandikia mkeka. Mume wangu akaomba maji ya kunywa. Mtungi ulikuwa ubavuni pake, anaufikia bila kuinuka, lakini hakuugusa. Aliniita mimi.

"Chota wewe, mwanangu," akaniambia taratibu. "Mkono wangu unaharibu maji."

Hakuwa ananisuta. Laiti angenisuta. Alikuwa ameamini, na nyumbani mwake mwenyewe alikuwa akiishi hivyo, anasubiri watu wapite wamchotee. Mume wangu alikuwa amekaa pale, ananitazama, anangoja maji. Nikachota, nikampa.