Sauti Iliyokwama Ndani ya Prosesa

Nestori alijiamini katika mambo mawili tu: maharage na gitaa. Kwenye maharage hakuna mtu wa Mishamo aliyethubutu kubishana naye, na kwenye gitaa kwaya nzima ilimwita Mwalimu, hata wazee waliomzidi umri. Mambo mengine yote aliyaendea kwa kupapasa. Aliuliza huyu, akauliza yule, na mwisho akafuata ushauri wa mtu aliyeongea mwisho. Kwa hiyo wiki ya kuganduka kwa mama yake ilimkuta hajui ashike lipi na aache lipi.

Kuganduka ni siku ya kuondoa matanga, kwa desturi waliyokuja nayo wazee wetu kutoka Burundi. Ndugu wanakutana, wanakula, wanakunywa, wanamzungumzia marehemu, kisha kila mtu anarudi kwenye maisha yake. Safari hii alikuwa anakuja hata Aurélie, dada yake Nestori. Huyu alivuka mpaka na mumewe miaka ile watu walipoambiwa wachague, kubaki na kuwa Watanzania au kurudi kwao, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena Mishamo. Mama alizikwa yeye hayupo. Hata kwa simu hawakuwa wakiongea, maana masikio yalikuwa yamemtupa mkono bibi yule zamani. Ukimpa simu aliitazama, akakurudishia, akasema, "Mwambie nipo."

Aurélie alipopiga kusema anakuja, aliomba kitu kimoja tu.

"Musaza wanje," alisema, maana ndivyo wanawake wa kwao wanavyowaita kaka zao, "si uliniambia una sauti ya mama? Nikifika nataka niisikie."

"Ipo," Nestori akajibu. "Wewe njoo."

Na kweli ilikuwepo. Ilikuwa ndani ya prosesa ya gitaa, kile kisanduku cha kukanyaga kwa mguu kinachobadilisha mlio wa nyuzi, ukitaka ulie kama kinanda, ukitaka ungurume. Prosesa hiyo ina sehemu ya kurekodi kipande kifupi na kukirudia. Mchana mmoja mama alikuwa sebuleni akichambua maharage huku akiimba wimbo wa Kirundi wa kubembeleza mtoto. Nestori akachomoa gitaa, akachomeka maikrofoni ya kwaya, akamrekodi. Mama alipofariki, kila majonzi yalipomzidi Nestori alikuwa anakanyaga kitufe cha kurudia, anamsikiliza kidogo, kisha anazima.

Lakini sikukuu ya Pasaka ilimpanda kichwani. Kwaya iliimba vizuri kupita kiasi, Nestori akaruka, akatua juu ya kitufe kile kile kwa kisigino cha kiatu cha ngozi. Kikafa. Vitufe vingine vyote vinafanya kazi mpaka leo, ila hicho hata ukibembeleze vipi. Mama amebaki ndani na kitasa kimevunjika.

Njia iliyobaki ilikuwa tundu la USB lililoko nyuma. Hapo napo palikuwa na kituko, kwa sababu Nestori maisha yake yote aliamini lile ni tundu la kuchajia. Usimcheke. Huku kwetu umeme wa wengi unatoka kwenye sola, na tundu kama lile unaliona kwenye simu, tochi na redio, na kazi yake ni hiyo moja. Makarius ndiye aliyemwambia kwamba kwenye prosesa lile ni la kuingizia na kutolea vitu kwa kompyuta.

Makarius ana kibanda sokoni cha kuwekea watu nyimbo kwenye memori kadi. Ana laptop moja, na maneno mengi kuliko nyimbo.

"Lete hapa, mwalimu. Hii dakika sifuri," alisema, akachomeka waya.

Kimya. Wakasubiri. Kimya.

"Aa, huu waya ni wa chaji tu. Nyaya za kupitishia data hazimo ndani. Ngoja."

Akaleta mwingine. Laptop ikalia kuonyesha imeona kitu, na kabla Nestori hajatabasamu ikalia tena kuonyesha kitu chenyewe kimeondoka. Makarius akausukuma waya juu, ikaja. Akauachia, ikaondoka. Akaushikilia kwa kidole gumba, na hapo kwenye kioo yakatokea maandishi ya Kiingereza.

"Inasemaje?" Nestori akauliza.

"Inataka tuifomati kwanza ndiyo itumike. Nibonyeze ndiyo?"

"Kufomati ndiyo nini?"

"Ni kama kuisafisha, mwalimu, ili isomeke vizuri."

Nestori alilipenda neno kusafisha. Nani asiyependa usafi? Mkono wa Makarius ulikuwa tayari juu ya kitufe, ndipo likamjia swali ambalo mpaka leo anamshukuru Mungu kwalo.

"Na vilivyomo vinabaki?"

"Vilivyomo..." Makarius akakuna shingo. "Hapo sasa inategemea."

Inategemea! Nestori akachomoa waya kwa nguvu, akaikumbatia prosesa, akatoka bila kuaga.

Kesho yake alipanda basi kwenda Mpanda, kwa fundi aliyesifiwa kwa redio na spika. Fundi aliitikisa prosesa, akachomeka waya wake, akapata majibu yale yale ya kuja na kuondoka. Akasema tundu limechoka, lazima afungue kila kitu na kuunga jingine. Na sauti? Sauti hakuahidi. "Nyie mnachelewa sana kuleta vitu," alisema, kana kwamba Nestori alikuwa anajua ni lini vitu vinakuwa vimechelewa.

Akarudi Mishamo amechanganyikiwa zaidi ya alivyoondoka. Mmoja anataka kusafisha, mwingine anataka kupasua, na yeye anaogopa vyote viwili. Makarius alimwonea huruma, akamwazima laptop usiku na mchana, naye akaanza kuhangaika peke yake. Alifunga waya kwa mpira wa tyubu ya baiskeli ili usicheze. Akauinamisha kushoto, akauinamisha kulia. Kilichomtia wazimu ni kwamba asubuhi mashine ilikuwa bubu kabisa, halafu jua likishapanda ikawa inaitika kidogo na kukata. Ukiwa na akili zako timamu utasemaje? Nestori alisema inataka jua. Basi akawa anaitandikia gunia uani na kuianika.

"Baba Elia, hiyo ni mihogo?" mkewe Emelyne akamuuliza.

"Niache, mama. Nyie hamjui ninachopitia."

"Najua. Unaichomekachomeka mpaka utaua na kilichobaki."

Hapo alikuwa amesema kweli, na Nestori alikasirika kwa sababu hiyo. Aliogopa kumtazama dada yake usoni. Aurélie hakuomba shamba wala nguo ya marehemu. Aliomba kusikia tu, na yeye alikuwa amejibu "ipo" kwa kifua mbele.

Aurélie alifika siku moja kabla ya kuganduka. Alishukia barabara kuu, akaletwa na bodaboda na begi lake mapajani. Wakalia kwanza, kama inavyotakiwa. Wakakaa. Akanywa maji. Kisha macho yake yakaenda kwenye gunia uani.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo," Nestori akasema, na maneno yakamtoka yote kwa mara moja: kitufe, Pasaka, waya wa chaji, kufomati, fundi wa Mpanda, jua. "Dada, nilikuahidi nisichokiweza. Sijui tena. Kila ninachoshika hakieleweki."

Aurélie hakujua prosesa ni nini. Aliinyanyua ili aone tu chombo chenye sauti ya mama yake, akaigeuza, akaisogeza karibu na uso. Akanusa. Akanusa tena pale nyuma, kwenye tundu lililokuwa na moto wa jua.

"Inanuka nta."

"Nta gani?"

"Nta ya nyuki, Nestori. Umesahau? Mama na nyigu?"

Nestori akakumbuka. Nyigu wa huku wakiona tundu lolote wanalijaza udongo na kutaga humo. Walipokuwa watoto, nyigu waliwaharibia redio ya marehemu baba, na tangu hapo mama akawa anapita nyumbani na kipande cha nta, anaziba tundu la funguo, tundu la redio, hata filimbi ya mtoto ikiachwa wazi.

"Alikuwa anaziba mpaka juzijuzi," Emelyne akasema taratibu. "Mimi nilidhani ni milango tu."

Nestori aliona aibu, na kwa nini tufiche, aliona na wivu. Yeye ndiye aliyeishi na mama mpaka mwisho, akamwogesha, akamlisha, na hakuwaza. Huyu aliyeondoka zamani amekanyaga uani muda mfupi tu na amemtambua kwa harufu.

Wakaichukua na laptop, wakaenda wote kwa Makarius. Prosesa ikaachwa kwanza bila umeme. Nestori akachonga kijiti cha mwanzi kikawa chembamba, akakiingiza polepole, na nta nyeusi ikaanza kutoka vipande vipande. Jua lilikuwa linailainisha mchana ndiyo waya ukagusa kidogo, na ubaridi wa asubuhi ukaigandisha tena. Wakapangusa kwa pamba yenye spiriti kidogo, wakasubiri ikauke. Makarius akaiwasha, akachomeka waya. Laptop ikalia mara moja, haikulia tena. Maandishi ya kufomati hayakuja. Likaja faili moja tu.

"Kabla hujabonyeza, inakili," Nestori akasema, na kwa mara ya kwanza wiki ile aliongea kama mtu anayejua anachotaka. Makarius akainakili kwenye laptop, kwenye memori kadi na kwenye simu ya Aurélie. Kisha akafungulia.

Maharage yakasikika yakidondoka kwenye ungo. Halafu mama akaanza kuimba. Sauti yenyewe ilikuwa nyembamba, yenye upepo kwenye mapengo ya meno, inapanda kidogo, inakatika kwa pumzi, inaendelea pale ilipoachia. Nestori akafumba macho. Ni yeye. Yupo mzima, hakupungua hata neno.

Wimbo ukaisha. Alipofumbua macho, Aurélie alikuwa amekunja uso.

"Huyu nani?"

"Nani vipi? Ni mama."

"Siyo mama." Alimtazama Makarius kana kwamba ndiye aliyekosea. "Mama akiita kutoka mtoni tunasikia mpaka shambani. Huyu ni bibi kizee. Nyie mmerekodi mtu mwingine."

Makarius akarudi kwenye kioo kutafuta faili jingine, na halikuwepo. Nestori alitaka kumweleza meno yalivyotoka, kifua kilivyoanza kubana, sauti ilivyopungua msimu hadi msimu mpaka wao waliokuwa nayo ndani wasione kama inapungua. Akamtazama dada yake, na kule kuchanganyikiwa kote kwa wiki nzima akakuona kumehamia kwenye uso wake.

"Ndivyo alivyokuwa," akasema. "Alizeeka, dada."

Machozi yalimshuka Aurélie bila yeye kuyafuta. Kisha akavuta kigoda mpaka karibu kabisa na laptop.

"Rudia," akamwambia Makarius. "Rudia mpaka nimzoee."