Naomi hayupo darajani

Leo nimempoteza mtoto wa watu.

Ndiyo, mimi, mwalimu wa jiografia!

Tulikuwa bustanini hapa mtaani Schaerbeek, penye bwawa kubwa, darasa la nne, somo la kusoma ramani. Niliwagawa wawili wawili nikawaambia: fuateni ramani, nitawasubiri darajani, penye alama nyekundu.

Wakaja wote mbio. Isipokuwa Naomi na mwenzake.

Na nani alikuwa amejitolea kunisaidia leo? Mama yake Naomi, mtu wa Lubumbashi. Alisimama kando yangu, akiwahesabu waliofika. Heri angenifokea.

Nikapuliza filimbi. Wapi! Nikatazama lile bwawa.

"Madame," akasema, "mutoto yangu iko wapi?"

Tukakimbia kuzunguka bwawa, darasa zima nyuma yetu.

Upande wa pili kuna daraja jingine. Wapo! Wamekaa, wanatetemeka kwa baridi, ramani magotini. Naomi amenuna.

"Madame, mbona umechelewa? Alama iko hapa."

Nikaangalia ramani yangu. Jamani. Muda wote nilikuwa nimeishika juu chini. Na wale wengine hawakusoma ramani yoyote. Waliona kizibao changu cha njano kwa mbali wakanikimbilia.

Mama alimkumbatia mwanawe. Wakati wa kurudi kwenye tramu, akaninyooshea mkono. Nikampa ramani. Akampa Naomi.

"Utuonyeshe njia, maman," akamwambia; kwao binti huitwa mama kwa mapenzi.

Nikafuata nyuma, pamoja na watoto.

Semeni kweli: mtoto angekuwa wenu, mngeniachia tena kesho?