Harufu Iliyoleta Mimba

Mtu akitaka kujua nina maoni gani juu ya manukato ya dukani, asiniulize huku ameshajipaka, maana nitamjibu kweli na tutakosana. Nimejipaka manukato tangu nilipoolewa, na mengi ya hayo yanayokuja na chupa za maringo hayana lolote. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Harufu inayoingia ndani kabla mwenyewe hajapiga hodi, hiyo inajitembeza.

Nayajua kwa sababu ya mume wangu. Tulikaa mtaa wa Ng'ambo, Tabora, siku za Mwingereza, vita vikubwa vimekwisha na maduka ya Wahindi yameanza kujaa tena. Alikuwa gadi wa treni, leo yuko Kigoma, keshokutwa yuko Dar es Salaam. Wenzangu waliletewa khanga na waume zao. Mimi niliomba chupa.

Ile ya maua ya zambarau waliyoipenda mabibi wa Kizungu ilininukia poda ya mtoto, basi. Ile ya Paris, yenye chupa nyeusi na kizibo cha kioo, niliipenda, sitasema uongo. Tone moja nyuma ya sikio, jingine kwenye upindo wa khanga, inakaa na wewe mpaka jioni. Lakini kiangazi cha Tabora hakina adabu. Vumbi likishikana na jasho, Paris yote inachacha, na ukijinusa unajuta. Kolonya nayo, yale maji mepesi ya ndimu yenye spiriti ndani, sikuyahesabu kuwa manukato. Ni ya kumfuta mgonjwa wa homa. Unajipaka nyumbani, ukifika sokoni imekwisha kurudi kwao.

Udi ndio uliozishinda zote, na udi nilifundishwa na mama mkwe. Tulikaa naye nyumba moja, mjane mwenye maneno machache. Alinionyesha jinsi ya kuacha makaa yapoe kidogo kwanza, nguo ifukizwe polepole, ikunjwe ikiwa bado na joto lake. Chupa zangu hakuzipenda kwa ajili ya ile spiriti, lakini hakunikataza hata siku moja. Aliniomba tu ninawe mikono kabla ya kumkunjia mswala wake. Nilikuwa nimesikia habari za mama wakwe wa watu wengine, kwa hiyo nilinawa mikono na kumshukuru Mungu.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinatunyima raha: mtoto hakuja. Miaka ilipita, nikanywa dawa za mizizi, nikasomewa, wapi. Shangazi wa mume wangu, dada wa marehemu baba mkwe, aliyekuwa akikaa Tura kwenye stesheni ya reli, alikuwa amekwisha kumtafutia mume wangu mke wa pili. Msichana mzuri, wa watu wazuri. Hakunificha. Aliniambia usoni, tena kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko matusi.

Basi mume wangu akarudi na kolonya ya kiume kutoka Dar es Salaam. Wakubwa wote wa reli walijipaka hiyo, alisema. Ilikuwa na tumbaku ndani yake, na karafuu, na kitu kama ngozi mbichi iliyoanikwa. Akajimwagia kama anayekoga janaba.

"Ukiingia chumbani na hiyo, mimi natoka," nikamwambia.

"Mwanamke gani anamkataa mume anayenukia?"

"Mwanamke mwenye pua."

Akacheka, akaongeza nyingine shingoni. Nikabeba mkeka na mto wangu, nikahamia chumba cha uani chenye magunia ya karanga. Mama mkwe akanikuta nikitandika.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Harufu yake, mama. Siiwezi. Akinisogelea tu, moyo unanichafuka."

Akaacha kuhesabu tasbihi. Akanitazama usoni, kisha tumboni. "Tangu lini?"

"Tangu arudi juzi."

"Alhamdulillahi," akasema, akaenda zake jikoni.

Kwetu mimba huchagua. Mimba ikiwa changa yaweza kumchukia mume mwenyewe: mke hataki kumwona, hataki kumnusa, hata kikohozi chake kinamkera. Kila mwanamke mtaani ana kisa chake, nami nilikuwa nimewacheka wengi. Sasa ikawa zamu yangu, na sina kitu tumboni.

Nikamfuata palepale. "Mama, sina mimba."

Akaniwekea kidole mdomoni. "Changa haitajwi. Kataa hivyohivyo."

Ndipo nilipotambua nimenasa. Mimba changa hufichwa kwa kuogopa kijicho, kwa hiyo mwenye nayo husema hana. Mimi nisiye nayo nikisema sina, wananikonyeza. Niliwaambia majirani, niliwaambia mawifi, wakasifu jinsi ninavyojua kutunza siri.

Ukaingia mwezi wa Ramadhani. Siku zangu za mwezi zikafika, nami kama desturi nikajificha jikoni nikala muhogo mchana. Jirani akaja kuomba moto, akanikuta mdomo umejaa. Nikasema moyoni, haya, sasa wataamini sina. Akanipigapiga bega. "Kula, shoga yangu. Mwenye mimba ana ruhusa yake." Kufika alasiri mtaa mzima umejua. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Nami niliomba lije, Mungu ni shahidi.

Mama mkwe alininyang'anya mchi, alininyang'anya ndoo. Aliniletea ndimu, maembe machanga, na udongo wa kichuguu aliouchagua mwenyewe. Nikamsikia akiimba akitwanga, mwanamke ambaye sikuwahi kumsikia akiimba. Mume wangu naye akawa anapita uani kwa kunyata, kifua mbele, anajisifu kule stesheni kwamba mwanawe amekwisha kumfukuza kitandani. Na kolonya yake akaendelea kujimwagia, maana ameambiwa kosa si la kolonya, ni la mimba. Habari zikaja kutoka Tura kwamba yale mazungumzo ya mke wa pili yamesimamishwa. Nilifurahi, kisha nikaogopa sana. Tumbo lisipoonekana, yule msichana atakuja, na safari hii hakuna atakayenihurumia.

Idi ilipopita, mama mkwe alikuja uani nikiwa nafua vitambaa vyangu. Maji ya beseni yalikuwa mekundu. Akasimama.

"Imetoka?"

"Haikuwapo, mama. Hizi ni siku zangu tu, na mwezi uliopita ziliniingia vilevile. Nilikuambia."

Akavuta kigoda akaketi. "Uliniambia," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nataka kusikia lingine." Kisha akauliza, "Na ile harufu?"

"Ni kolonya yake, mama. Inanuka tu."

Alicheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya khanga, na sijui ni wakati gani kicheko kilikwisha na kilio kikaanza. Alipotulia aliingia chumbani kwa mwanawe akatoka na ile chupa, akaimwaga mferejini mbele yake. "Mimba yenyewe ndiyo hii," akamwambia. Mume wangu alikwenda kukaa kibarazani, mabega yamemshuka, nami nikamwonea huruma kwa mara ya kwanza tangu ile chupa iingie nyumbani.

Habari zilipofika Tura, shangazi akaja na treni ya asubuhi. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, nikamwekea chai na vitumbua, nikajitenga mlangoni. Mume wangu alikuwa hapo, na mama mkwe alikuwa anachambua mchele kwenye ungo.

"Wifi yangu," shangazi akasema, "tumengoja vya kutosha. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe mzazi, unaridhika mwanao akae hivi, bila wa kumwita baba?"

Mama mkwe hakuinua macho. "Basi mimi siujui uchungu huo," akasema. "Huyu sikumzaa."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nilimtazama mume wangu, naye akainamisha kichwa, nikaona kwamba analijua. Ni mimi peke yangu niliyekuwa silijui.

"Aliyemzaa ni mke mwenzangu," mama mkwe akaendelea, "akafa hajamwachisha ziwa. Na aliyemleta mwenzangu ndani ya nyumba yangu ni wewe, wifi, kwa maneno hayahaya, umekaa hapohapo. Simlaumu marehemu mwenzangu, aliniachia mtoto. Lakini siku ile aliyoingia, chumba chake nilikifukiza mimi, kwa mkono wangu, na hakuna aliyeniuliza kama naumia. Huyu binti hatafukiza chumba cha mtu."

Kisha akamgeukia mwanawe. "Wewe una mama?"

"Ninaye."

"Nani?"

"Wewe, mama."

"Sikukuzaa, na mama unaye. Sasa sema mwenyewe mbele ya shangazi yako, unataka mke mwingine?"

"Sitaki," akasema mume wangu. Sauti ilikuwa ndogo, lakini alisema. Shangazi akamaliza chai yake polepole, akaomba asindikizwe stesheni.

Sikuzaa. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu wanaosimuliwa kisa hiki hungoja niwaambie kwamba baada ya hapo Mungu alijalia. Mungu alinijalia nyumba yenye amani, mume aliyejifunza kuuliza kabla ya kununua, na mwanamke yule. Tuliishi naye miaka mingi, tukifukiza nguo pamoja kila Alhamisi, na sikuacha kumshukuru, ingawa yeye alisema shukrani nyingi ni uvivu, nikaoshe vyombo.

Alifariki kabla bendera ya Mwingereza haijashushwa. Wanawake waliokuja kumwosha walikuwa wamekwisha kuchemsha maji, kafuri imesagwa, na nyumba yote ilinuka kafuri. Ni harufu baridi isiyotaka kumpendeza mtu, na sina maoni juu yake. Mkubwa wao akatoka mlangoni akauliza kama marehemu ana mtoto wa kike aje kumshika mama yake kwa mara ya mwisho. Watu wakatazamana. Mimi nilikuwa nimeinama chini.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye mkeka pembeni, amezeeka, amekuja na treni ileile ya Tura. "Anaye," akasema, akaninyooshea mkono. "Huyo hapo."

Nikapandisha mikono ya gauni, nikaingia.