Nilitia saini kisomo ambacho hakikuwa chake

Admin, nakuomba ulifiche jina langu na mtaa wangu pia, kwa sababu Bagamoyo ni mji mdogo na watu hujuana hata kwa kikohozi.

Mimi ni mwanamume wa miaka sabini na nne. Kwetu ni Unguja. Nilivushwa kuja huku nikiwa mtoto, mwaka ule ambao wengi wetu tulivuka na kile tulichoweza kubeba, na sikurudi tena kuishi. Nyumba yetu ya kule sijui leo analala nani. Nilichobaki nacho cha kwetu ni kisomo. Mwalimu wangu, naye mtu wa Unguja, alinisomesha Kurani hapa hapa Bagamoyo kama alivyosomeshwa na mwalimu wake, kinywa kwa kinywa, hivyo hivyo kurudi nyuma. Alikuwa akiniambia, "Achama niuone ulimi," na herufi moja aliweza kunikalisha nayo wiki nzima.

Miaka michache iliyopita, magoti yalipokataa kunifikisha madrasa, binti yangu alinionyesha namna ya kusomesha kwa simu. Nikafungua darasa la wanawake watu wazima. Wako Tanga, wako Tabora, mmoja yuko Maskati. Wengi ni wake za watu ambao hawakuwahi kupata mwalimu, kwa hiyo tulikubaliana tangu mwanzo kwamba kamera hazifunguliwi, kwa ajili ya stara. Kila mmoja hujirekodi akisoma, akanitumia, nami humrudishia masahihisho kwa sauti. Siwafichi, nilikuwa kama nimefufuka.

Kati yao kuna mama mmoja wa Vigwaza. Nitamwita Bi Zuhura, ingawa silo jina lake. Ameachika na ana watoto watatu. Mwanzo alisoma kama wanavyosoma wengi, herufi za kooni zikimteleza. Alipofika mwezi wa tano wa kusoma kwangu, kisomo chake kikanyooka ghafla. Nikamtumia ujumbe, "Mashaallah mwanangu, leo huna kosa." Mke wangu, aliyekuwa akisikia kutoka jikoni, alicheka. "Bwana, huyu ni mwanafunzi au umepata kaseti?" Nikamwambia aache wivu.

Baada ya miaka miwili na ushei alimaliza juzuu zote thelathini. Nikamwandikia ijaza, yaani ruhusa ya kufundisha, jina lake chini ya langu, na langu chini ya la mwalimu wangu. Kwa barua hiyo madrasa moja ya kwao ikampa kazi. Anasomesha watoto arubaini.

Wiki tatu zilizopita alikuja na mama yake kunishukuru, wamenibebea halua na kikoi. Mke wangu akamwambia, "Tusomee basi mwanangu, nasi tukusikie ana kwa ana." Akasema ana mafua. Nikasema, sura fupi tu. Akasoma. Ndugu zangu, alisoma kama siku ya kwanza. Mke wangu aliacha kupepeta mchele.

Nilingoja hadi mama yake alipoingia ndani kuswali, nikamuuliza Bi Zuhura, "Nani aliyekuwa akinisomea muda wote ule?"

"Ni mimi, mwalimu. Sauti ni yangu. Matamshi si yangu."

Akanieleza akiwa ameinama. Ipo programu ya simu, unaipa sauti yako na ya msomaji hodari, nayo inakunyooshea kila herufi huku sauti ikibaki yako. "Nilianza na aya moja tu iliyonishinda," alisema. "Ukaniambia mashaallah. Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyeniambia hivyo kwa jambo nililolifanya. Nikashindwa kuacha. Nisitiri, baba. Wanangu wanakula kwa ile barua."

Mtasema nimedanganywa, pole mzee. Ngojeni. Hili linalofuata hata mke wangu sijamwambia.

Nilijua. Habari za programu sikuwa nazo, lakini mwalimu wa kisomo husikiliza pumzi kabla ya herufi. Msomaji huishiwa na pumzi, husimama, hurudi neno moja nyuma akaunganisha. Bi Zuhura hakuwa akipumua. Aya ndefu ilitoka kama maji ya bomba. Nililisikia hilo mara ya kwanza, nikalisikia mara ya hamsini, nikajiambia ni simu inayokata. Maishani mwangu sikuwa nimewahi kumpa mtu ijaza. Nilikuwa nazeeka, na nilitaka nimwachie mtu nilichopewa kabla sijafa. Basi nikaacha kusikia.

Juzi mzazi mmoja wa Vigwaza alinitumia sauti ya mtoto wake wa miaka saba akisoma Alhamdu. Kosa la Bi Zuhura limo, limetulia, kama amezaliwa nalo. Baba wa watu ananiandikia, "Allah akulipe, mzee wetu, matunda yako haya."

Ijumaa ijayo wanataka kumkabidhi Bi Zuhura usimamizi wa darasa lote la wasichana, na wameniomba nikatoe ushahidi mbele ya wazazi kwamba nilimsikia mwenyewe Kurani nzima. Nikisema kweli, watoto wake watatu watalala njaa, na waume wa wale wanafunzi wangu wengine watasema, si mnaona, kusoma kwenye simu ni utapeli, na watawanyang'anya hata hicho kidogo. Nikinyamaza, nitakuwa nimesema uongo juu ya Kitabu cha Mungu, kwa jina la mwalimu wangu aliye kaburini. Bi Zuhura amejitolea kuanza upya kwangu, herufi kwa herufi. Lakini itachukua miaka, na wale arubaini wanasoma kila siku.

Nikisimama kuswali najikuta nasahau rakaa. Sipo tena pale nilipokuwa, na sijui pa kwenda.

Ijumaa watanitumia gari. Nikishafika watanipa kipaza sauti, na yeye atakuwa ameketi upande wa wanawake akinisikiliza. Ninyi mlio wengi, ambao hamnijui wala siwajui, niambieni: niseme nini?