Mtoto Aliyenyamaza Njia ya Magadi

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo natia mkono kifuani kuona kama moyo uko mahali pake. Ilikuwa likizo ya Agosti, katikati ya miaka ya tisini, na mimi nilikuwa na mtoto mmoja tu, Nekesa, msichana wa miaka miwili mwenye sauti ya tarumbeta. Tuliishi hapa Kitengela, mtaa wa Noonkopir, kwenye ploti ya vyumba vinane. Nilikuwa mwalimu wa chekechea. Baba Nekesa alifanya kazi kiwandani kule Magadi, na shule zikifungwa alikuja kutuchukua kwa gari lake dogo la bluu, tukakae naye kwenye lile joto wiki tatu nzima. Hizo wiki tatu ndizo zilikuwa ndoa yangu. Usicheke.

Taabu ilikuwa njia. Tulipita Isinya, tukashika barabara ya vumbi mpaka Kiserian, kisha tukateremka Oltepesi hadi Magadi. Muda wa saa nne garini, na zaidi gari likiamua kununa. Nekesa alikuwa mtoto wa kukimbia. Ukimkalisha mapajani muda wote huo alilia kama aliyeonewa, na kweli alikuwa ameonewa, ila mimi sikujua. Safari ya Aprili alilia tangu Isinya. Tulipofika mteremkoni baba yake akageuka kumkaripia, na katika kule kugeuka gurudumu likatoka barabarani. Tulisimama tukitazama korongo. Baadaye akasema kwa upole, na huo upole ndio ulioniumiza, "Mama Nekesa, Agosti mtabaki tu Kitengela. Siwezi kuwaua nikiwapeleka kutembea."

Wahenga walisema mganga hajigangi. Darasani nilikuwa na watoto thelathini na wanane, nikiwatuliza kwa vifuniko vya soda na hadithi za sungura. Wangu mmoja, akiwa ndani ya gari, nilimjulia neno moja tu: nyamaza.

Nilipomweleza jirani yangu Mama Kamau, muuza viazi, mama mchangamfu asiyekosa jibu, alinishangaa. "Kwani mwalimu hujui? Sisi tukienda Murang'a tunampatia kijiko ya dawa ya mafua. Analala mpaka kwa nyanya yake." Wamama wengine waliokuwa wakifua pale mferejini wakaitikia. Kumbe ploti nzima ilisafirisha watoto hivyo, na watoto walifika. Usimlaumu Mama Kamau. Alinipa alichokuwa nacho, kwa moyo mweupe, na mimi niliyesoma nikakipokea bila kuuliza swali hata moja.

Basi Agosti mume wangu alipokuja nikamwambia, "Tupeleke. Safari hii hatalia." Sikumwambia zaidi. Asubuhi, na baridi ya Kitengela unaijua, nikamvika Nekesa sweta nzito na kofia ya sufu, nikampa kijiko kimoja. Isinya alikuwa bado anataka kushuka akimbize kuku. Kiserian, baba yake alipokuwa akikagua magurudumu, nikageuza mgongo nikampa kijiko cha pili. Kabla hatujaanza kuteremka alikuwa amelala fofofo.

Baba Nekesa akaanza kupiga mluzi. "Leo huyu mtoto ako sawa," akasema. "Ameanza kuwa mkubwa." Nikatabasamu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini siku hiyo mimi nilikipokea kama zawadi. Nilijiona mjanja, nikawaza hata sikukuu ya Krismasi tutakavyokwenda kwetu Bungoma kwa raha.

Tulipofika Oltepesi gari likaanza kuchemka. Mume wangu akasimama kwenye maduka kutafuta maji ya rejeta, nami nikashuka na mtoto begani nikasimama kivulini. Kwenye baraza ya duka alikuwa amekaa bibi mmoja wa Kimaasai, mzee, bangili za shanga zimejaa mkononi, kibuyu cha maziwa miguuni.

"Takwenya," akanisalimia.

"Iko," nikajibu, maana ukikaa Kajiado hiyo utaijua tu.

Kisha akanyoosha mkono kwa mtoto, akangoja. Wajua desturi yao. Mtoto hapigi maneno mengi. Huinamisha kichwa, na mkubwa hukigusa, salamu imekwisha. Nekesa aliipenda salamu hiyo kupita kiasi. Pale Noonkopir aliwapa kichwa wazee wote, hata Wakamba na Wakikuyu, nao walibaki wakishangaa. Kwa hiyo nikasema kwa kujivuna, "Nekesa, mpe koko kichwa." Koko ni bibi kwa Kimaa. Nekesa hakusikia. Nikamtikisa kidogo, nikamwinamisha mwenyewe. Kichwa kikaangukia kile kiganja, kikabaki hapo hapo.

Yule bibi hakuondoa mkono. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi.

"Hii mtoto hajanipa kichwa," akasema. "Ni wewe umenipa."

"Amelala tu, koko. Amechoka na safari."

"Mtoto wa kulala ukimwamsha anakataa. Hata anakupiga. Huyu hakatai. Umempatia nini?"

Baba Nekesa alikuwa amesimama nyuma yangu na jagi la maji. Ningeweza kusema sijampa kitu. Ulimi ulikuwa tayari kabisa, mwanangu, sikufichi. Lakini mficha maradhi kilio humfichua, na nilikihisi kile kichwa jinsi kilivyokuwa kizito. "Dawa ya mafua," nikasema. "Vijiko viwili."

"Ako na mafua?" akauliza mume wangu.

"Hapana."

Koko alikuwa ameshamvua mtoto ile kofia na sweta. Mtoto alikuwa amelowa jasho chapachapa. Akampangusa uso kwa ncha ya shuka aliyoilowesha kwenye lile jagi, akainuka, akatutangulia kwenda zahanati nyuma ya maduka, na mguu wake wa kizee ukatushinda sisi vijana. Muuguzi akamlaza mtoto kwa ubavu, akamsikiliza kifua, akamfunua macho. Akatuonya tusimnyweshe kitu. Akasema pumzi ipo, lakini asiondoke mbele ya macho yake, na pumzi ikibadilika tukimbie hospitali.

Nilikaa sakafuni nikihesabu pumzi za mwanangu. Niliogopa kama nisivyowahi kuogopa, na aibu ilinila vibaya kuliko hofu. Kile kilio nilichokifukuza kwa kijiko, nilimwomba Mungu anirudishie. Nilimwambia mtoto alie mpaka Magadi, alie mpaka mwaka uishe, mimi nitasikiliza.

Jua lilikuwa limeshapita utosini Nekesa alipokunja uso. Akafungua macho, akaona chumba asichokijua, akapasua kilio kwa kifua chote. Na baba yake, yule aliyesema tubaki Kitengela kwa sababu ya kilio hicho hicho, alitoka nje akasimama akitazama ukuta, mabega yakimtikisika.

Muuguzi alipoturuhusu kuondoka, jua limeshalegea, koko alikuwa bado barazani. "Naenda mbele," akasema. "Mtanibeba." Haikuwa ombi. Akakaa nyuma na mimi, akamtwaa mtoto. Gari halijafika mbali, Nekesa akaanza kunung'unika.

"Mmemwambia mnaenda wapi?" koko akauliza.

Tulitazamana kwenye kioo, mimi na mume wangu. "Ana miaka miwili, koko," akasema Baba Nekesa. "Ataelewa nini?"

"Mbuzi nikihamisha naongea na yeye njia yote. Nyinyi mnaweka mtoto kwa gari kama gunia, halafu mnashangaa gunia inalia."

Akamgeukia mtoto, akamwambia kama anavyoambiwa mtu mzima: sasa tunashuka chini, huko chini iko ziwa nyeupe, baba yako ako na nyumba huko, lakini kwanza tutafute mbuzi. Nekesa akanyamaza kwa mshangao. Kila walipoona mbuzi kando ya njia, ilikuwa lazima Nekesa awaite, na akiwaita koko alivua bangili moja mkononi mwake akamvika yeye. Bangili zilipohamia zote kwa Nekesa, ikawa kila wakiona punda, bangili moja inarudi kwa koko. Mchezo ulipochosha, koko akapiga kiti kwa kiganja, akaimba chinichini, na kile kiganja kidogo kikafuata. Mtoto alipoanza kujinyonganyonga akamwambia dereva, "Simama. Miguu yake inataka chini." Tukashuka. Nekesa akaokota jiwe. Akarudi garini mwenyewe bila kuvutwa, kwa kuwa lile jiwe lilikuwa na safari ya kwenda nyumbani kwa baba.

Mimi nilikuwa natazama tu, mwanangu, na uso unaniwaka. Hakuna alichofanya yule bibi ambacho mimi sikuwafanyia watoto wa watu kila siku darasani.

Alishuka kwenye kijia fulani ambako sikuona hata nyumba. Nekesa alisimama juu ya kiti, akajipenyeza dirishani, akainamisha kichwa bila kuambiwa. Koko akakigusa. "Sasa nimepewa," akasema. Kisha akanielekea mimi, na hakunigombeza. "Mtoto akipiga kelele, ako na wewe. Akinyamaza, uliza ako wapi."

Sikumwona tena. Tuliporudi Kitengela nilimweleza Mama Kamau yote, nikiogopa atadhani namlaumu. Alisikiliza, akaingia ndani kwake, akaitoa ile chupa, akaimwaga mferejini mbele yangu. Tangu hapo nikitoka na watoto, hata zile safari za kutwa nzima za Bungoma, nilibeba mfuko: vifuniko vya soda nilivyotunga kwenye kamba, leso yenye mafundo ya kufungua, kipande cha muwa cha kutafuna kwa waliokwisha kuota meno. Na kabla ya kuwasha gari niliwaambia njia yote, mji kwa mji, hata aliyekuwa hajui kusema baba.

Juzi Nekesa alinitembelea na mwanawe. Walikuwa wametoka mbali, na mtoto alifika na simu usoni. Nikanyoosha mkono. Hakuuona. Nekesa aliutazama ule mkono wangu umebaki hewani, akaikumbuka hadithi ya koko niliyomlea nayo, akaizima simu bila mimi kusema lolote. Mtoto alilia, alilia sana. Tukamwacha alie, mimi na mama yake tukitazamana. Kisha akanyamaza, akaniona, akanipa kichwa.

Sasa wewe unayenisikiliza, wewe mwenye mtoto mdogo na safari mbele yako, mimi sisemi simu ni sawa na kile kijiko. Haikumlaza mtu zahanati. Nasema tu kwamba nakijua kile kimya, na najua kinavyompendeza dereva. Dawa ni ya mgonjwa, na mgonjwa ni yule aliyeonwa na daktari. Mtoto mzima dawa yake ni wewe. Mwambie mnakokwenda. Mpe mbuzi wa kuwaita na jiwe la kupeleka. Simamisha gari miguu yake ikitaka chini, hata kama mtachelewa, maana haraka haraka haina baraka na wanaowangoja hawataondoka. Na akilia, basi alie, umpakate. Hicho kilio mimi nilikililia siku moja Oltepesi.

Mungu akulindie njia zako, mwanangu, za lami na za vumbi. Akupe masikio ya kuvumilia na mdomo usiochoka kusimulia. Na kila utakakofika, watoto wako washuke macho yakiwa wazi, na mkono wa mzee ukinyooshwa, wautolee vichwa vyao wenyewe.