Mate ya Bochaberi

Kila asubuhi Kemuma aliwaua. Ndivyo alivyosema mwenyewe alipokuwa akimwaga maji yanayotokota juu ya meza, juu ya viti, juu ya kizingiti cha mlango, na mara moja juu ya mguu wake.

Vijidudu aliwajua mwaka wa 1966, muuguzi alipopanda kilima cha Manga na kuwaonyesha kina mama picha ya mdudu mwenye vinyweleo, mkubwa kama mbuzi. Wenzake walicheka. Kemuma alikuwa ametoka kumzika mtoto wake wa kwanza, aliyeharisha mpaka akakauka, naye hakucheka. Aliuliza wanakaa wapi. Muuguzi akasema, kila mahali.

Basi akawapiga vita. Mikono yake ikapasuka ikatoa damu. Marion, binti yake wa pili, alisuguliwa kwa kipande cha gunia mpaka sauti ya kulia ikamwisha. Siku moja mumewe Cleophas, karani wa duka huko Keumbu, alimega ugali kabla ya kunawa. Kemuma akamchapa mwiko kwenye vidole. Cleophas akamzaba kofi, Kemuma akaangukia mafiga. Alipoinuka aliosha uso, kisha akauchemsha mwiko.

Majirani walimwita Mama Sabuni. Machogu, mtoto wa mke mwenza wa mama mkwe wake, alipenda kumuuliza mbele ya watu kama Cleophas naye huchemshwa kabla ya kulala.

Bochaberi, mama mkwe mwenyewe, hakumtania. Alikuwa mjane, nyumba yake ng'ambo ya migomba, na alisafisha vibuyu vyake kama mama yake alivyovisafisha, kwa kijinga cha moto kinachozungushwa ndani, bila tone la sabuni. Kemuma hakuwahi kunywa kutoka kwenye vibuyu hivyo. Kila mara alikuwa na udhuru.

Mwaka wa 1969, mvua kubwa ziliponyesha, Marion alianza kuharisha. Watu wakaja kumtazama mgonjwa. Bochaberi alikuja na kibuyu cha maziwa lala na, kama ilivyo desturi, akaonja kwanza mbele ya wote, ili waone hakutia kitu. Akameza. Akapangusa kinywa cha kibuyu kwa kiganja, akampa mke wa mwanawe.

Kemuma aliona uzi mweupe wa mate ukining'inia. Akakinyakua kibuyu na kumwaga maziwa kizingitini.

Kumwaga kitu ambacho mwenyewe amekwisha kukionja ni kusema hadharani kwamba mtu huyu ni mchawi. Kemuma alilijua jambo hilo tangu utotoni. Alilikumbuka alipouona uso wa Bochaberi.

"Shemeji ameona," Machogu alisema. Ndama wake alikuwa amekufa wiki hiyo. "Ndiye aliyemla yule wa kwanza. Sasa amemrudia huyu."

Jiwe la kwanza lilimpata Bochaberi kwenye sikio. Walimburuta kwa nguo mpaka chini ya migomba, wakampiga mateke ya mbavu, na mtu akakimbia na kijinga cha moto kwenda kuchomeka paa lake la nyasi. Kemuma aliwafuata akipiga kelele kwamba hakumaanisha uchawi, ni mate tu, mate yana vijidudu.

"Tumesikia," Machogu alimjibu, akijaribu ukali wa panga kwa kidole gumba. "Amekutilia vijidudu."

Cleophas alikuwa Keumbu. Hakukuwa na mwingine wa kuwazuia. Nyasi za paa zilianza kulia. Bochaberi alijiinua kwa kiwiko, meno ya mbele hayapo.

"Mama Marion," alisema. "Kunywa."

Kibuyu kilikuwa bado mkononi mwa Kemuma, na maziwa kidogo yalibaki ndani. Alipiga magoti, akamwekea Bochaberi kinywani. "Onja kwanza, mama," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. Bochaberi akanywa. Kinywa cha kibuyu kikarudi chekundu.

Kemuma hakukipangusa. Akanywa yote, maziwa na damu na mate, na watu walimkodolea macho wakingoja atapike. Angetapika, panga lingeshuka. Tumbo lilipanda mpaka kooni, alilirudisha. Likapanda tena. Alisaga meno akawaangalia mmoja mmoja, mpaka mwanamke mmoja akageuka akaenda zake, kisha wengine. Machogu alikata mgomba kwa pigo moja, akatema mate, akaondoka.

Nyumba iliungua hadi ikabaki majivu. Marion alipona, hakuna aliyejua kwa nini. Cleophas alimjengea mama yake nyumba nyingine, na Bochaberi aliishi humo miaka mingi akiwa kiziwi wa sikio moja.

Kemuma hakuacha kuchemsha. Lakini kila Sabato, watu wakitoka kanisani, alikwenda ng'ambo ya migomba. Mlango uliachwa wazi, wapitao waone. Bochaberi alionja, akapangusa kwa kiganja, akampa. Kemuma alikunywa, kisha akaushika mwimo wa mlango kwa nguvu, macho ameyafumba, mpaka tumbo likatulia.

"Limeshuka?" Bochaberi aliuliza.

"Limeshuka, mama. Niongeze."