Karani wa Vyeti

Karani anayepokea watu kwenye makao ya wazee haamini uso wa mtu. Anaamini cheti cha polisi. Hukisoma kwa ncha ya kidole, mstari kwa mstari, kisha huupulizia muhuri mara mbili kama anayepoza chai, ndipo augonge. Aliyewahi kufungwa hapati kitanda, hata alie. "Sheria ni msumeno, mzee wangu," humwambia kwa upole, akimrudishia karatasi zake kwa mikono miwili.

Leo cheti kilikuwa safi. Muhuri ulishapulizwa, uko hewani, mzee aliyeketi mbele yake akasema, "Usigonge kwanza, mwanangu. Kuna wizi nilioufanya mimi zamani. Mdogo wangu akakubali kufungwa badala yangu, maana mimi nilikuwa na watoto."

Karani akakisoma cheti upya. Safi. Kwenye fomu ya kupokea akatazama kisanduku cha "Ndiyo", akatazama cha "Hapana", asijue amweke wapi mzee huyu.

"Na huyo mdogo wako yuko wapi, baba?"

"Ulimkataa wiki iliyopita. Anasema ulimrudishia karatasi zake kwa mikono miwili."